Kuzoea Moshi wa Sigara Si Dalili ya Afya

(Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Katika ofisi zetu, katika vyumba vya walimu na katika nyumba tunamoishi, liko neno moja linalosemwa kila mara moshi wa sigara unapotajwa. Neno hilo ni "nimezoea". Mvutaji wa miaka ishirini husema kwamba amezoea, na moshi haumsumbui tena. Mkewe asiyevuta husema naye amezoea. Mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo hakohoi pale mgeni anapokohoa, nasi humsifu kwamba huyu amekwisha zoea. Leo nataka tulichunguze neno hilo kwa mwanga wa elimu. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika jambo la moshi wa sigara, kuzoea si ushindi wa mwili. Ni kushindwa kwa ulinzi wake.

Habari za saratani na za moyo mmekwisha zisikia. Tangu mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha uhusiano kati ya sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa taarifa yake mashuhuri juu ya jambo hilo hilo. Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Sina haja ya kuyarudia hayo kwa urefu. Nitazungumzia jambo ambalo halisemwi sana, nalo ni mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya njia zetu za hewa, na yale yanayoipata mishipa hiyo inapopigwa na moshi siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka.

MLINZI WA MLANGO

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika moja. Kwa siku nzima hesabu hiyo hufika kama mara 20,000. Kila pumzi huingia na vitu vya nje: vumbi, vijidudu, harufu na moshi. Kama njia za hewa zingekuwa mabomba matupu, mapafu yasingedumu hata mwaka mmoja. Lakini maumbile yameweka ulinzi wa namna mbili.

Ulinzi wa kwanza ni ufagio. Kuta za njia za hewa zimefunikwa na ute, na chini ya ute huo kuna vinywele vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupepea usiku na mchana vikiusukuma ute huo pamoja na uchafu wake kuelekea kooni. Ulinzi wa pili ni mishipa ya fahamu. Mingi katika mishipa hiyo ni matawi ya mshipa mkubwa uitwao vagasi, ambao hushuka kutoka katika shina la ubongo, ukapita shingoni na kuingia kifuani. Ncha zake zimetapakaa katika koo na katika mabomba ya mapafu, nazo hukaa macho kama askari wa zamu.

Askari hao si wa aina moja. Wako wanaohisi mguso. Mtu akipaliwa na punje ya wali, hao ndio wanaopiga mbiu. Wako wengine, wembamba sana na wasio na ala, wanaohisi ukali wa kemikali. Mama akikaanga pilipili kavu na nyumba nzima ikaanza kukohoa, hao ndio walioamka. Habari hupanda kwenye shina la ubongo, na jibu hurudi kwa kasi: vuta pumzi, funga koo, kaza misuli ya kifua na tumbo, kisha fungua ghafla. Hewa hutoka kwa kishindo na kubeba kilichoingia. Hicho ndicho kikohozi. Basi kikohozi chenyewe si ugonjwa. Ni kazi ya ulinzi, kama vile king'ora si moto bali ni habari ya moto.

Elimu ya mishipa hii imepiga hatua kubwa katika miaka ya karibuni. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius wa Marekani pamoja na wenzake walikitambua kipokezi katika mishipa ya fahamu ambacho huamshwa na kapsaisini, yaani kile kitu kinachoifanya pilipili iwashe. Kipokezi hicho kinaitwa TRPV1. Baadaye kikajulikana kingine, TRPA1, ambacho huamshwa na vitu vikali kama haradali na moshi. Mwaka 2021 Julius na mwenzake Ardem Patapoutian walipewa Nishani ya Nobel ya Tiba kwa ugunduzi wao wa vipokezi vya joto na vya mguso. Nayataja haya ili ifahamike kwamba tunapozungumza juu ya "kuwashwa koo" hatuzungumzi juu ya hisia za kubahatisha. Tunazungumza juu ya kitu kinachojulikana mahali kilipo na namna kinavyofanya kazi.

MOSHI UNAPOBISHA HODI

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Kwa mishipa ya fahamu, yatosha tuzitaje mbili.

Ya kwanza ni nikotini. Wengi hudhani kwamba kazi ya nikotini ni kuutia ubongo uraibu tu. Sivyo. Nikotini yenyewe huichokoza mishipa ya njia za hewa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliwapima watu waliojitolea, wakaona kwamba moshi wa sigara yenye nikotini nyingi uliwawasha na kuwakohoza zaidi kuliko moshi wa sigara yenye nikotini kidogo.

Ya pili ni akrolini. Kila aliyeacha mafuta ya kupikia yaungue jikoni anaijua akrolini hata kama hajui jina lake, maana ni mojawapo ya vitu vinavyoufanya moshi ule uchome macho na koo. Imo pia katika moshi wa kuni. Katika moshi wa sigara imo tele. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 na wanasayansi wa Italia pamoja na wenzao, uliofanywa kwa wanyama wa maabara, ulionyesha kwamba akrolini na jamaa zake huamsha kile kipokezi cha TRPA1, na kwamba kupitia hapo njia za hewa huvimba.

Kuvimba huko hutokeaje? Ile mishipa myembamba inapochokozwa hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hupeleka habari ubongoni, na papo hapo humwaga kemikali mahali ilipo. Mojawapo ya kemikali hizo yaitwa Dutu P, iliyogunduliwa tangu mwaka 1931. Katika wanyama wa maabara imeonekana wazi kwamba Dutu P huifanya mishipa midogo ya damu ivuje, ukuta wa njia ya hewa ufure, ute uongezeke na misuli ibane. Kwa mara moja hilo si baya, kwa kuwa ni sehemu ya kumkataa adui. Tena mwili umejiwekea kimeng'enya ambacho huivunja Dutu P baada ya kazi yake. Lakini mwaka 1989 ilithibitishwa katika simbilisi, yule mnyama mdogo ambaye katika Nyanda za Juu Kusini hufugwa kwa kitoweo, kwamba moshi wa sigara hukidhoofisha kimeng'enya hicho. Moshi hufanya kama mtu anayefungua bomba la maji ndani ya nyumba na wakati huo huo akauziba mfereji wa kuyatoa.

MIAKA INAPOPITA

Mpaka hapa tumeangalia pigo moja. Je, mapigo yakirudiwa kila siku, mishipa ya fahamu huwaje?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilichunguza swali hilo kwa simbilisi wachanga. Hawakuwavutisha sigara. Waliwaweka katika hewa yenye moshi wa pembeni, yaani ule unaofuka kwenye ncha ya sigara inayoungua yenyewe, ambao ndio sehemu kubwa ya moshi anaouvuta mtu aliyekaa karibu na mvutaji. Taarifa yao ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba baada ya wiki kadhaa za maisha hayo, mishipa myembamba ya mapafu ya wanyama hao ilikuwa imekuwa mikali zaidi. Kiasi kile kile cha kapsaisini kiliichokoza kwa nguvu kuliko mishipa ya wenzao waliolelewa katika hewa safi. Uchunguzi mwingine wa chuo hicho hicho, uliotolewa mwaka 2008, uliona mabadiliko hata katika shina la ubongo, mahali ambapo habari za mapafu hupokelewa. Kwa maneno mengine, moshi haukumsumbua askari wa mlangoni tu. Ulimbadilisha hata mkuu wa kituo anayepokea taarifa zake.

Walimu mtatambua sura ya jambo hili darasani. Wapo watoto ambao hewa baridi ya asubuhi, vumbi la chaki au mbio fupi za mchakamchaka huwabana kifua. Si wote waliopata shida hiyo kwa sababu ya sigara, maana pumu ina vyanzo vingi. Lakini imethibitika katika nchi nyingi kwamba watoto wanaoishi na moshi wa sigara nyumbani huugua kikohozi na kukoroma kwa kifua zaidi ya wengine, na wale wenye pumu hupata mashambulizi mengi na makali zaidi. Hata wataalamu wa dawa za usingizi hulijua jambo hili kwa watu wazima, kwani koo la mvutaji ni jepesi kushtuka na kujifunga wakati wa upasuaji, ndiyo maana humtaka aache sigara kabla ya siku ya kupasuliwa.

Sasa tuugeuze upande wa pili wa shilingi, ambao ndio uliozaa lile neno "nimezoea". Mwaka 2003 ilitolewa taarifa kutoka New York ya kuwapima wavutaji waliokuwa wazima, wasio na ugonjwa wa mapafu. Walivutishwa kapsaisini kidogo kidogo ili kuona ni kiasi gani kitawakohoza. Wavutaji walihitaji kiasi kikubwa kuliko wasiovuta. Askari wao alikuwa amepoa. Na mwaka 2012 watafiti wa Philadelphia, pia Marekani, walitoa habari nzito zaidi. Waliwapima watoto wazima wa umri wa miaka 10 hadi 17, ambao wenyewe hawakuvuta. Wale waliokuwa wakiishi katika nyumba zenye moshi wa sigara walihitaji karibu maradufu ya kapsaisini ili wakohoe, wakilinganishwa na wenzao wa nyumba zisizo na moshi.

Mtu ataniuliza: inakuwaje moshi ule ule huifanya mishipa iwe mikali, na tena huifanya ipoe? Maelezo yanayotolewa na wataalamu si magumu kuyafuata. Mshipa wa fahamu unaochokozwa bila kupumzika huweza kuchoka, kama ulimi wa mtu alaye pilipili kila siku. Tena ute ukizidi hufunika ncha za mishipa na kuzikinga na habari za nje. Kwa hiyo kwa mvutaji ambaye bado hajaugua, kikohozi cha kujikinga hupungua. Lakini moshi ukiendelea kuziumiza kuta zenyewe mpaka ugonjwa ukaota mizizi, hali hugeuka, na mgonjwa hushtushwa na kila kitu, akakohoa kwa jambo dogo lisilostahili. Na mnyama au mtoto ambaye mapafu yake bado yanakua anaweza kupata madhara yote mawili katika sehemu mbalimbali za mfumo ule ule: pengine kifua chepesi kubana, na hapo hapo kikohozi kizito kuamka.

Nyumba yenye mlinzi apigaye filimbi usiku kucha pasipo mwizi, na nyumba yenye mlinzi aliyelala, zote mbili hazina ulinzi. Moshi wa sigara unaweza kutuletea walinzi wote wawili.

GHARAMA YA MLINZI ALIYELALA

Ndugu zangu, huenda mtu akasema kwamba kutokukohoa ni nafuu. Basi tuhesabu gharama yake.

Kwanza, kikohozi kilichopoa huacha mlango wazi. Kila mtu, hasa awapo usingizini, huingiwa na mate kidogo katika njia ya hewa, na mate hayo hubeba vijidudu. Mtu mzima huvitoa. Mvutaji ana ufagio uliokatika vinywele na mlinzi aliyesinzia, wala si ajabu kwamba wavutaji hupatwa na nimonia mara nyingi kuliko wengine.

Pili, kuna hatari ya kulipuuza onyo. Mvutaji wa siku nyingi hukohoa asubuhi na kutema makohozi, kwa sababu ute uliolundikana usiku lazima utoke. Yeye hukiita "kikohozi cha sigara", akakizoea nacho pia. Waganga wana kipimo chao. Kikohozi chenye makohozi kinachodumu miezi mitatu kwa mwaka, kwa miaka miwili mfululizo, huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa njia za hewa. Tena katika nchi yetu, ambako kifua kikuu bado kipo, kila kikohozi cha wiki mbili au zaidi chapaswa kupimwa. Uvutaji wenyewe huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu. Kwa hiyo mtu anayefaa kupimwa mapema kuliko wote ndiye anayechelewa kuliko wote, kwa kuwa amekwisha mpa ugonjwa wake jina la mazoea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na akiwa ni mwalimu mwenye darasa la watoto sitini, au karani anayehudumia foleni ya wananchi, kuchelewa kwake si jambo lake peke yake.

Tatu, na hili nawaomba walimu walitie moyoni, ukali wa sigara ya kwanza ni zawadi ya maumbile. Kijana anapoijaribu kwa mara ya kwanza, koo huwaka, macho hutoka machozi, na kikohozi humtikisa. Wengi huitupa sigara hiyo wasiirudie. Mtoto ambaye mishipa yake imekwisha lazwa na moshi wa baba hana zawadi hiyo. Watafiti wale wa Philadelphia walitahadharisha kwamba mtoto wa namna hiyo huenda akaiona sigara ya kwanza kuwa laini, akawa mwepesi kuianza. Hivyo ndivyo tabia inavyoweza kurithishwa bila maneno.

Wafanyabiashara wa sigara hawakosi kulijua hilo. Ndiyo sababu ya sigara zenye mentholi, ile baridi inayofanana na ya pipi za kifua. Mwaka 2011 ilionyeshwa katika panya wa maabara kwamba mentholi huzuia mishipa ya fahamu isishtuke kwa akrolini na vichokozi vingine vya moshi. Moshi unabaki na sumu yake, isipokuwa onyo lake limenyamazishwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku sigara za mentholi tangu Mei 2020. Kijana akikuambia kwamba sigara fulani "si kali", mwulize ni nani aliyeuondoa ukali huo na kwa faida ya nani.

WAJIBU WETU

Wakati wa TANU tulifundishwa kwamba maadui wa taifa ni ujinga, umaskini na maradhi. Wazee miongoni mwetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, wakati wananchi wapatao milioni mbili walipokusanyika katika vikundi kando ya redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kampeni ile haikuwa na mitambo ya ajabu. Ilikuwa na elimu nyepesi, na ilikuwa na walimu na viongozi walioanza wao kutenda. Hiyo ndiyo njia ninayoiona inafaa hata katika jambo hili.

Sheria tunayo. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, ambayo iliweka mipaka ya kuvuta sigara katika mahali pa watu wengi na kukataza kuwauzia sigara watoto wa chini ya miaka 18. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku. Lakini sheria haitembei kwa miguu yake. Inatembea kwa miguu ya mkuu wa idara anayesema kwamba ofisini kwake havutiwi sigara, na ya mwalimu mkuu anayesema hivyo hivyo katika chumba cha walimu.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache, yasiyohitaji fungu la bajeti.

La kwanza, tusimtume mtoto kununua sigara. Mwalimu anayempa mwanafunzi sarafu aende kibandani kumletea sigara mbili anaivunja sheria kwa mkono wa mtoto, na anamfundisha somo lisilomo katika mtaala wowote. Nao wenye vibanda vya karibu na shule wakumbushwe kwamba sigara moja ni sigara, hata ikiuzwa nje ya pakiti.

La pili, tuache kujidanganya kwa dirisha lililo wazi. Taarifa ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara ya mwingine ambacho ni salama, na kwamba kupitisha hewa au kuwatenga wavutaji ndani ya jengo moja hakuondoi hatari. Anayevuta na atoke nje, mbali na mlango na madirisha. Katika gari la serikali, lenye watu watano na vioo vilivyofungwa kwa ajili ya vumbi, asivute kabisa.

La tatu, mwalimu anayeona mtoto anakohoa mara kwa mara au kubanwa na kifua asiishie kumwambia anywe maji. Amwite mzazi, aulize kwa adabu kama nyumbani kuna moshi wa sigara au jiko la kuni lisilo na njia ya moshi, na amshauri ampeleke mtoto zahanati. Na mtoto anayekaa kimya katikati ya moshi asihesabiwe kuwa salama kwa sababu ya ukimya wake.

La nne linawahusu ndugu zetu wanaovuta. Sikuja kuwashutumu. Nikotini hufunga mtu, na wengi wenu mlianza kabla hamjaambiwa haya. Habari njema ni kwamba mlinzi aliyelala huamka. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 kutoka New York ulionyesha kwamba wavutaji walioacha sigara, hata waliovuta kwa miaka mingi, walirudishiwa ukali wa kikohozi cha kujikinga ndani ya wiki mbili tu. Nanyi mjue jambo moja mapema: katika siku hizo za kwanza wengine hukohoa zaidi kuliko walipokuwa wakivuta. Vinywele vinaanza tena kupepea na mishipa inaanza tena kuhisi. Wengi huogopa, wakadhani kuacha ndiko kunakowaumiza, wakarudia sigara. Msirudi. Lakini kikohozi kikipita wiki mbili, au kikiwa na damu, au mwili ukikonda na homa za usiku zikaja, nendeni hospitali bila kungoja.

Najua yako maswali mawili ambayo husikika katika mikutano kama huu. La kwanza ni juu ya mkulima wa tumbaku, wa Urambo na kwingineko, ambaye huwasomesha watoto kwa zao hilo. Swali lake ni la haki, na jibu lake ni kumsaidia apate mazao mengine yenye soko, kazi ambayo Mkataba ule wa kimataifa nao umeitaja. Lakini mkulima huyo hapati hata senti moja zaidi kwa sababu karani amevuta sigara ndani ya ofisi badala ya nje. Tusimfanye ngao.

La pili ni juu ya uhuru wa mtu. Mtu mzima, wanasema, ana haki ya kuvuta. Sikatai kwamba mapafu yake ni yake. Lakini mishipa ya fahamu ya mtoto wake, ya mhudumu wa ofisi anayemletea majalada, na ya mwananchi aliyekuja kuomba cheti cha kuzaliwa, si mali yake. Hao hawakuulizwa. Uhuru wa mmoja una mpaka, na hapa mpaka wake ni pumzi ya mwenziwe. Mtumishi wa umma, ambaye mwananchi hawezi kumkwepa kwa sababu hana ofisi nyingine ya kwenda, ana wajibu mzito zaidi wa kuuheshimu mpaka huo.

Ndugu Mwenyekiti, vita dhidi ya maradhi ina mapambano yanayohitaji fedha nyingi, madawa na mitambo. Hili la leo lahitaji zaidi tuamue kutokuita ugonjwa kwa jina la mazoea. Kila mmoja wetu akitoka hapa, na aanze na chumba kimoja anachokisimamia yeye mwenyewe: darasa, ofisi, sebule au gari. Chumba hicho kiwe bila moshi kuanzia kesho asubuhi, na mvutaji akisema kwamba wenzake wamekwisha zoea, aelezwe kwa upole maana halisi ya kuzoea huko.